Vitufe Vinne Ukutani: Historia ya Rimoti Isiyosikia

Nimekuwa kimya kwa wiki kadhaa, na sababu yake imefungwa kwa skrubu ukutani, sebuleni kwa nyanya yangu kule Njoro, mwendo mfupi kutoka Nakuru mjini. Ni kibao cha plastiki chenye vitufe vinne vikubwa: HABARI, IBADA, MUZIKI na ZIMA. Kitufe kimoja kinawasha TV, kinaiambia dikoda iende chaneli gani, na kinaamsha wufa. Basi.

Kukitengeneza kulinichukua wikendi moja. Kukifanya kiaminike kulinichukua zaidi ya mwezi, na ilibidi nirudi nyuma hadi miaka ya 1950 ndipo nikaelewa nilipokosea. Leo nataka kuwasimulia historia hiyo, kwa sababu kosa langu si langu peke yangu. Limo ndani ya kila rimoti iliyoko nyumbani kwako.

Rimoti tatu za Nyanya

Zamani Nyanya alikuwa na TV moja, ile yenye kisogo kirefu, na rimoti moja iliyofungwa kwenye karatasi ya nailoni isiingie vumbi. Alijua kitufe chekundu kiko wapi bila kuangalia.

Halafu ukaja mwaka 2015. Wengi wenu mnaukumbuka. Matangazo ya analogia yalizimwa kwa awamu, na Nakuru ilifikiwa mapema mwaka huo. Stesheni za makampuni matatu makubwa ya habari, Nation, Standard na Royal Media, zilitoweka hewani kwa wiki kama tatu kuanzia katikati ya Februari, wakati mvutano kati yao na serikali ukiendelea. Watu wakabishana kuhusu leseni, ving'amuzi na nani anufaike. Jambo ambalo sikumsikia mtu akilisema ni kwamba siku hiyo kila nyumba iliongezewa rimoti ya pili. TV ilibaki kuwa kioo tu. Chaneli zikahamia kwenye dikoda.

Baadaye mjomba alileta TV bapa. TV bapa zina sauti nyembamba, kwa hiyo ikafuata wufa, na wufa ikaja na rimoti yake, ya tatu. Kufikia hapo Nyanya alikuwa na mtoto wa jicho katika macho yote mawili. Kila jioni kabla ya saa moja, wakati wa taarifa ya habari kwa Kiswahili, alikuwa anamngoja mtoto wa jirani aje kumwashia. Mtoto asipokuja, hakuna habari. Mtu aliyefuatilia habari za nchi hii tangu enzi ya redio alikuwa amefungiwa nje na vipande vitatu vya plastiki.

Ndipo nikasema, mimi si nimesomea kompyuta? Ngoja nitengeneze kibao.

Jaribio la kwanza

Kazi yenyewe si ngumu. Unanunua kipokezi kidogo cha infraredi, unaelekeza rimoti kwake, unabonyeza, na kompyuta inarekodi msimbo uliotumwa. Kisha unatumia taa ndogo ya infraredi kuurudia msimbo ule ule. Mimi nilitumia Raspberry Pi Zero, ile kompyuta ndogo ya bei nafuu, nikaificha nyuma ya TV na kuvuta waya mwembamba hadi kwenye kibao ukutani.

Kitufe cha HABARI kilikuwa na mlolongo huu: tuma msimbo wa kuwasha TV, ngoja sekunde tano, tuma namba ya chaneli kwa dikoda, tuma msimbo wa kuwasha wufa. ZIMA kilituma misimbo miwili tu, ya TV na ya wufa. Nilijaribu mara ishirini. Kila mara sawa. Nikarudi zangu mjini nikijisifu.

Siku tisa baadaye stima ilipotea jioni, mvua ikinyesha, Nyanya akiwa katikati ya habari. Kaunti yetu ndiyo yenye Olkaria, ambako umeme wa mvuke wa ardhini umezalishwa tangu 1981, lakini hilo halituzuii kukaa gizani kama watu wengine. Stima iliporudi, TV ilikaa ikiwa imezimwa, ikingoja kuamshwa, kama zilivyo TV nyingi. Wufa ikawaka yenyewe.

Nyanya akabonyeza HABARI. Tatizo ni kwamba rimoti zile hazina msimbo wa kuwasha. Zina msimbo wa kugeuza: kama imezimwa iwake, kama imewaka izimike. TV ikawaka, wufa ikazimika. Picha bila sauti. Akabonyeza tena. TV ikazimika, wufa ikawaka. Sauti bila picha. Fikiria hali hiyo: hata angebonyeza mara elfu, picha na sauti zisingekutana kamwe.

Hakunipigia simu. Alimwambia mama asiniambie. Nilipokwenda wiki mbili baadaye nilimkuta amefunika kibao kwa kitambaa. "Mjukuu wangu," akasema, "nimekuharibia mtambo wako."

Niliona aibu ambayo siwezi kuieleza. Yeye hakuharibu chochote. Alifanya alichoambiwa afanye, na programu yangu ikamdanganya.

Fimbo nne za alumini

Sasa turudi nyuma. Kampuni ya Zenith ya Marekani ilianza na rimoti yenye waya mwaka 1950. Watu wakajikwaa kwenye waya. Mwaka 1955 mhandisi wake Eugene Polley akatoa Flash-Matic, iliyokuwa kama tochi. TV ilikuwa na macho manne ya kuhisi mwanga, moja katika kila pembe ya skrini, na ukimulika pembe fulani jambo fulani linafanyika. Shida ilikuwa jua. Likiingia dirishani na kugusa pembe moja, TV inajiendesha.

Mwaka uliofuata, 1956, Robert Adler, mzaliwa wa Vienna aliyefanya kazi hapo hapo Zenith, alileta Space Command. Hii haikuhitaji hata betri. Ndani yake mlikuwa na fimbo nne za alumini. Ukibonyeza kitufe, nyundo ndogo inagonga fimbo, nayo inatoa mlio wa juu mno kwa sikio la binadamu, lakini TV inausikia. Fimbo moja ya chaneli mbele, moja ya chaneli nyuma, moja ya kunyamazisha na kurudisha sauti, na moja ya kuwasha na kuzima.

Soma tena hiyo ya mwisho. Fimbo moja ya kuwasha na kuzima. Kila fimbo ya ziada ilikuwa gharama na uzito, kwa hiyo kazi mbili zikapewa mlio mmoja. Na kwa mtu aliyekaa mbele ya TV hapakuwa na tatizo lolote: anaona kwa macho yake kama imewaka au la. Mlio ulikwenda upande mmoja tu. TV haikujibu, kwa sababu jibu lilikuwa skrini, na msikilizaji wa jibu alikuwa binadamu.

Ule ulikuwa uamuzi wa busara mwaka 1956. Ulikuja kuwa mtego siku binadamu alipoondolewa katikati na kuwekwa programu.

Rimoti yenye miguu miwili

Televisheni ilianza Kenya mwaka 1962, na rangi ikaja 1978. Hadi KTN ilipoanza mwaka 1990 tulikuwa na kituo kimoja tu, cha serikali, kwa hiyo hapakuwa na haja kubwa ya kubadilisha chaneli. Majirani zetu walikuwa na safari zao: Zanzibar ilikuwa na televisheni ya rangi tangu miaka ya 1970, huku Tanzania Bara ikisubiri hadi 1994 kuwa na ITV.

Katika nyumba nyingi za Bonde la Ufa rimoti ilikuwa mtoto. Mzee anakaa kwenye kiti, anasema "ongeza sauti", na mtoto anainuka kwenda kuzungusha kitufe. Lakini mfano mzuri zaidi ni ule wa antena. Mmoja yuko nje anazungusha mlingoti, mwingine yuko ndani anaangalia skrini, na wa tatu yuko mlangoni akipeleka ujumbe. "Zungusha kidogo! Zidi! Hapo hapo! Aa, imepotea, rudisha!"

Tunaucheka mfumo ule, lakini kwa lugha ya programu ulikuwa bora kuliko kibao changu. Ulikuwa na jibu. Aliye nje hakuwa anabahatisha. Kila hatua aliambiwa matokeo yake kabla ya kuchukua nyingine. Mtoto wa jirani aliyemwashia Nyanya alikuwa na macho: akikuta wufa imeshawaka, haigusi. Mimi nilimwondoa mtoto mwenye macho nikaweka kompyuta kipofu.

Mwanga usioonekana

Kufikia miaka ya 1980 milio ilikuwa imeacha nafasi kwa infraredi, mwanga ambao macho yetu hayauoni. Chukua rimoti yako, ielekeze kwenye kamera ya simu, bonyeza. Kwa simu nyingi utaona taa ikimetameta, hasa ukitumia kamera ya mbele.

Ili kipokezi kisichanganye taa hiyo na jua, yaani ugonjwa ule wa Flash-Matic, mwanga hukatwakatwa kwa kasi, mara nyingi kilohezi 36 hadi 40. Kipokezi husikiliza kasi hiyo na kupuuza mwanga mwingine. Juu yake hupakiwa biti. Mfumo wa RC-5 wa Philips ulitumia biti 14, zikiwemo tano za kutaja kifaa na sita za kutaja amri. Maana yake ni vifaa 32, kila kimoja amri 64. Mfumo wa NEC wa Japani, ambao utaukuta katika dikoda na wufa nyingi za bei nafuu, huanza na mwanga wa milisekunde 9, kimya cha milisekunde 4.5, kisha biti 32: anwani ya kifaa, kinyume chake, amri, na kinyume chake tena. Kile kinyume ni cha kuhakiki kwamba hakuna biti iliyoharibika njiani.

Ona jinsi wahandisi hawa walivyokuwa makini. Walihakikisha ujumbe unafika mzima. Lakini bado ulikwenda upande mmoja. Kama Nyanya amesimama mbele ya TV na kuziba njia, mwanga haufiki, na rimoti haitajua kamwe.

Kulikuwa na njia bora. TV nyingi za Ulaya za zamani uliziamsha kwa kubonyeza namba ya chaneli, wala si kitufe chekundu. Hiyo ni amri ya aina nyingine kabisa. Nambari 4 maana yake ni "kuwa kwenye chaneli ya 4". Ukiirudia mara mia, matokeo ni yale yale. Kitufe cha "mbele" ni tofauti: ukikirudia, kila mara unajikuta pengine. Mimi naziita amri za *weka* na amri za *geuza*. Mtu mwenye macho anaweza kuishi na *geuza*. Programu inahitaji *weka*.

Kutoka mkononi hadi ukutani

Vifaa vilipoongezeka sebuleni, rimoti nazo ziliongezeka. Steve Wozniak, yule wa Apple, alianzisha kampuni ya CL 9 mwaka 1985, na mwaka 1987 ikatoa CORE, moja ya rimoti za kwanza zilizoweza kujifunza misimbo ya rimoti nyingine na kuifuatisha kwa mlolongo. Ndicho nilichofanya mimi Njoro, miongo kadhaa baadaye. Haikuuzwa sana. Ilikuwa ngumu kwa mtu wa kawaida kuipanga.

Matajiri walichukua njia nyingine. Kampuni kama Crestron, na AMX, ya 1982, zilikuza biashara ya kudhibiti vyumba vya mikutano na kumbi za sinema za nyumbani, kwa vibao vya vitufe vilivyojengwa ukutani na fundi wa kuviprogramu. Mafundi hao walikutana na tatizo langu mapema sana. Suluhisho moja lilikuwa kuwadai watengenezaji wa TV wafiche ndani yake misimbo miwili tofauti, mmoja wa kuwasha na mmoja wa kuzima, hata kama rimoti yenyewe haina vitufe hivyo. TV nyingi zinayo hadi leo. Suluhisho la pili lilikuwa waya wa RS-232, kiwango cha mwaka 1960, ambao unaruhusu mazungumzo ya pande mbili. Kibao kinauliza projekta, "umewaka?" Projekta inajibu.

Upande wa nyumba za kawaida kulikuwa na X10, iliyotoka Glenrothes, Uskoti, mwaka 1975. Ilituma amri kupitia nyaya zile zile za stima ndani ya nyumba. Wazo zuri, lakini vifaa vyake vingi navyo vilipokea bila kujibu. Taa iliyokosa amri ilibaki kimya, na aliyetuma alidhani imewaka.

Kisha ikaja HDMI, Desemba 2002. Ndani ya kebo hiyo kuna waya mmoja, pini ya 13, unaoitwa CEC. Ulianza kutumika kwa upana baada ya toleo la mwaka 2005. Samsung wanaiita Anynet+, Sony Bravia Sync, LG SimpLink, lakini chini ni kitu kimoja. Ni waya wa polepole mno, biti 400 hivi kwa sekunde. Lakini una kitu ambacho fimbo za Adler hazikuwa nacho. Kuna ujumbe wa kuuliza hali ya umeme, na kuna ujumbe wa kujibu. TV hupewa anwani 0 siku zote. Unamuuliza 0, "umewaka?", na 0 anakwambia. Karibu nusu karne baada ya Space Command, TV ya kawaida ilianza kumjibu aliyeiamuru.

Nilivyorekebisha

Nilikaa na daftari nikagawa vifaa vitatu kulingana na historia hiyo.

TV ina HDMI, kwa hiyo nikaacha infraredi kabisa. Raspberry Pi inaongea nayo kwa CEC: inauliza hali, inatoa amri ya kuwaka tu kama imezimwa, kisha inauliza tena kuhakikisha.

Dikoda niliamua isizimwe kamwe. Stima ikirudi inawaka yenyewe, na chaneli naiita kwa namba, ambayo ni amri ya *weka*. Inakula umeme kidogo, ndiyo. Nilipima faida na hasara nikaridhika.

Wufa ilikuwa kichwa ngumu. Haina HDMI, haina misimbo miwili, haina chochote ila kitufe cha *geuza*. Lakini mbele yake ina taa ndogo ya bluu inayowaka ikiwa hai. Nikanunua kihisi cha mwanga, kile cha bei ya chai na mandazi, nikakibandika juu ya taa hiyo kwa utepe mweusi ili jua lisikifikie. Kompyuta sasa inaangalia taa kabla ya kutuma msimbo. Jicho la kuhisi mwanga, ndiyo teknolojia ya Polley ya 1955, isipokuwa safari hii linaangalia upande wa pili. Yeye alilitumia kupokea amri, mimi nalitumia kupokea jibu.

HABARI sasa inasomeka hivi:

    rudia hadi mara tatu:
        kama TV haijawaka: iwashe
        kama taa ya wufa haiwaki: tuma GEUZA kwa wufa
        ngoja sekunde tano
        kama zote mbili zimewaka: toka
    kama bado: washa taa nyekundu kwenye kibao
    vinginevyo: tuma namba ya chaneli kwa dikoda

Mstari muhimu kuliko yote ni ule wa taa nyekundu. Maana yake ni: Nyanya, kosa si lako, mpigie mjukuu. Pia niliifanya kadi ya kumbukumbu ya Raspberry Pi iwe ya kusomwa tu wakati wa kazi, maana kukatika kwa stima katikati ya kuandika kunaweza kuharibu kadi, na hapo kibao kizima kinakufa.

Kisha nikafanya jaribio ambalo nilipaswa kulifanya siku ya kwanza. Nilizima swichi kuu ya nyumba katikati ya habari, nikairudisha, nikamwambia Nyanya abonyeze. Aliniangalia kwanza, kama mtu aliyewahi kuungua. Akabonyeza. Picha ikaja na sauti ikaja. Akabonyeza tena kwa makusudi, kunijaribu. Hakuna kilichozimika. Akacheka, akakaa, akaniambia nisogee nisimzibe.

Kile kitambaa alichofunikia kibao sasa kimewekwa juu ya wufa. Nilimwomba tu asiifunike ile taa ya bluu.

Kama unatengeneza kitu cha namna hii nyumbani, ushauri wangu ni mfupi. Kabla hujaandika mstari wa kwanza wa programu, orodhesha kila amri na ujiulize kama ni ya *weka* au ya *geuza*. Kwa kila *geuza*, tafuta namna ya kuangalia matokeo, hata kama ni kihisi kilichobandikwa kwa utepe. Halafu kata stima ukiwa bado upo hapo. Usimwachie mzee wako agundue hitilafu yako akiwa peke yake, kwa sababu atadhani ni yake.

Hayo tu kwa leo. Wakati mwingine, Mungu akipenda, nitaeleza namna nilivyopitisha waya ukutani bila kutoboa nguzo ya nyumba. Hiyo nayo ina kisa chake.